Mzigo wa Usiku Mmoja: Nini Ubebe Ukipanda Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu

Ukishalipia safari ya Kilimanjaro, kinachofuata risiti kwenye WhatsApp ni orodha ya vifaa. Ni ndefu. Ina makoti matatu, suruali nne, glavu za aina mbili, soksi za kila unene, na chini kabisa, kana kwamba mwandishi alikumbuka akiwa tayari mlangoni, "tochi". Mtu wa Dar akiisoma ama anaghairi safari, ama anaingia Kariakoo kununua kila kilichoandikwa mpaka anagusa hela ya nauli. Mimi sishauri lolote kati ya hayo.

Shida ya orodha hizo ni kwamba zinavipa vitu vyote umuhimu sawa, na mlima hauko hivyo. Nazungumzia njia ya Marangu, yenye vibanda na magodoro, ambayo wengi wetu tunaanza nayo. Siku za kupandisha hadi Kibo, kibanda cha mwisho, unaweza kuzimaliza kwa nguo ambazo nyingi unazo kabatini sasa hivi. Unatembea, jioni unafika kibandani, unakunywa chai, unalala. Panapodai vifaa hasa ni usiku ule mmoja wa kutoka Kibo, mita 4,720, kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hela yako, muda wako wa kuchagua na nafasi kwenye begi vielekeze huko.

Hesabu ya baridi yenyewe haina maajabu. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini ipo chini ya mita 1,000, kwa hiyo kati ya stendi na kilele kuna tofauti ya nyuzi zaidi ya 30, na hapo upepo bado haujahesabiwa. Ila kinachowaangusha wengi ni mwendo. Juu kule kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Bagamoyo, kwa hiyo unatembea taratibu kuliko bibi harusi anavyoingia ukumbini. Hatua, pumzi, hatua, pumzi, kuanzia usiku wa manane mpaka jua linachomoza. Mwili unaotembea hivyo hautengenezi joto la maana. Ndiyo sababu koti linalomtosha mtu wa Njombe mwezi wa saba, akiwahi shambani kwa miguu ya haraka, halitamtosha hapo. Koti ni lile lile, lakini mwendo umepungua na tanuri la ndani limezimwa.

Basi tuanze na kinachogusa ngozi. Kisiwe pamba. Najua tumelelewa kuiheshimu pamba: haichomi, haitoi harufu mbaya, na mtoto mchanga ndiyo anayovalishwa. Kwa joto la pwani ni sawa kabisa. Mlimani pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, ukisimama dakika tano kupumzika unalisikia limegeuka barafu mgongoni. Unachotaka ni polista, ambayo inaliachia jasho likauke. Na nchi hii imejaa fulana za polista, tunaziita jezi. Ya Simba, ya Yanga, ya timu ya mtaa iliyodhaminiwa na diwani kipindi cha kampeni, zote zinafanya kazi ile ile ambayo fulana maalumu za madukani zinafanya kwa bei mara kumi. Jezi mbili tatu zinatosha, mradi moja uitunze kwa ajili ya usiku wa kilele, isiguswe na jasho la siku nyingine yoyote. (Ukivaa ya Yanga jiandae kujadiliwa na wagumu (ndivyo wapagazi wanavyoitwa) wa Simba kuanzia kibanda cha Mandara hadi kile cha Horombo, na kinyume chake. Mjadala una faida: ukiona huwezi kumjibu mtu bila kuhema, umeshazidisha mwendo.)

Miguuni vaa taiti ya mazoezi, na juu yake suruali ya trakisuti au nyingine yoyote nyepesi isiyo jinzi. Akina kaka huona aibu kununua taiti. Saa nane za usiku juu ya Kibo hakuna mwenye muda wa kuangalia umevaa nini chini ya suruali. Juu ya jezi weka sweta. Lile la shule la uzi wa akriliki, kama bado linakuenea, halina ubaya wowote, na wenzetu wa Makete au Lushoto wana masweta ya nyumbani ambayo duka la vifaa vya mlima lingeyaonea wivu.

Halafu linakuja koti, na hapa sasa nakupeleka Memorial.

Soko la Memorial liko Moshi, na kama ratiba yako ina siku moja kabla ya kupanda, asubuhi yake ipeleke pale. Mitumba inatoka kwenye nchi zenye baridi, kwa hiyo marobota yanakuja na makoti ambayo Dar hakuna anayeyahitaji. Moshi yanahitajika, na wauzaji wake wanajua kwa nini umekuja. Ukipita tu na viatu vyako vipya unasikia, "Dada, unapanda lini?" Nilimuuliza kijana mmoja kama koti alilonishikia ni la mvua au la baridi. Akanijibu bila kupepesa macho, "Dada yangu, hilo la kila kitu."

Koti la kila kitu halipo. Unahitaji mawili: moja jepesi la kuzuia mvua na upepo, jingine nene la kutunza joto, na lile jepesi liwe kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya hilo nene. La kuzuia upepo lipime kwa mdomo. Livute kitambaa, kigandamize midomoni, pulizia kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, upepo wa Kibo nao utapita. Kisha ligeuze ndani nje. Makoti mazuri ya mvua yana utando mwembamba kwa ndani, na mishono imezibwa kwa utepe. Vikizeeka vinabanduka. Pitisha kiganja polepole kwenye mabega na kwapani, kwa sababu kamba za begi na jasho vinaanza kula hapo. Ukiona unga mweupe au vipande vimebaki mkononi, rudisha, hata kama jina lililoshonwa kifuani ni kubwa kiasi gani. Muuzaji atakwambia linaoshwa linatoka. Hasemi uongo: utatoka utando wote.

Zipu usiijaribu kwa vidole vitupu. Vaa glavu ulizokusudia kupanda nazo, funga macho, fungua na ufunge mara kadhaa, maana ndivyo utakavyofanya kule: gizani, vidole vimekufa ganzi. Zipu inayokwama sokoni usitegemee itakuonea huruma mlimani. Kama kichuma cha kuvutia ni kidogo, funga kipande cha kamba ya kiatu hapo na tatizo limekwisha. Lile koti nene, kama limejazwa manyoya ya bata, lipapase kila chumba. Manyoya yaliyofuliwa vibaya yanajikusanya kama donge upande mmoja na kuacha upande wa pili mtupu, nao huo upande mtupu ndio utakaokaa mgongoni mwako. Usione haya kulivaa palepale juu ya sweta na kuinua mikono yote miwili. Watu wa Memorial wamezoea kuona vituko hivyo kwenye jua la saa sita.

Buti za mitumba zina ugonjwa wake, na huu hauonekani kwa macho. Ile sehemu laini ya katikati, kati ya soli ya chini na ngozi ya juu, kwa viatu vingi hutengenezwa kwa poliurethani. Unyevu wa hewani huila taratibu miaka inavyokwenda, hata kiatu kikiwa hakijawahi kuvaliwa. Unaweza kupata buti linang'aa, kamba mpya, ngozi safi, halafu siku ya tatu soli ikabaki kwenye mawe wewe ukaendelea. Kwa hiyo libonyeze pale katikati kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, kisha likunje kama unataka kulivunja. Likionyesha nyufa, au likibonyea lisirudi, mshukuru kaka yako na uendelee mbele. Ukishapata zima, sasa vaa soksi nene na usimame kwenye mteremko, hata ngazi ya sokoni inatosha. Dole gumba lisiguse mbele. Wengi hupima viatu kwa kupanda, wakasahau kwamba siku hiyo hiyo ya kilele wanateremka hadi Horombo, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, na kucha zinagonga mbele ya kiatu kwa kila hatua. Kata kucha siku mbili kabla. Na buti uzivae nyumbani, kazini, sokoni, hata kanisani kama mchungaji ni mwelewa, wiki kadhaa kabla ya safari. Kwa sababu hiyo, kama unaishi mbali na Moshi, buti ndiyo kitu pekee ambacho huwezi kukisubiri mpaka Memorial.

Kukodi je? Moshi na Marangu kuna watu wa kukodisha, na kuna vitu ambavyo ni upotevu kununua. Begi la kulalia la baridi kali ni mojawapo: ni ghali, linajaza nusu ya kabati, na Tanga utalitumia wapi? Kodi. Fimbo za kutembelea kodi pia. Koti nene unaweza kukodi kama Memorial imekunyima. Buti usikodi kamwe, kwa kuwa kiatu kilichozoea mguu wa mtu mwingine kitakudai malengelenge.

Ndani ya hilo begi la kukodi tandika kanga. Hujui aliyelalia kabla yako alikuwa nani, na kanga inaongeza joto kidogo juu ya usafi. Kanga ndiyo pamba pekee ninayoiruhusu mlimani, kwa sababu haikai mwilini ukitembea. Ni taulo, mto ukiikunja, kizuizi cha vumbi puani. Na kwa sisi wanawake kuna kazi nyingine ambayo orodha za makampuni haziitaji. Ukitoka Horombo, muda si mrefu vichaka vinaisha. Pale katikati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ni jangwa la mawe, unaonekana kutoka kilomita mbili. Kanga, na dada mmoja wa kuishika, ndiyo choo chako. Beba pedi pia hata kama siku zako bado, maana mwili ukipelekwa juu namna ile unaweza kubadilisha kalenda bila kukutaarifu. Karatasi za chooni zilizotumika zinarudi nawe chini, kwa hiyo uwe na kimfuko chake.

Turudi kwenye ule usiku. Vidole vya mikono ndivyo vinavyolia kwanza, na watu wengi wana glavu za pikipiki au zile nyembamba za kufumwa, wakidhani glavu ni glavu. Unataka pea mbili kwa pamoja. Ndani nyembamba, za kubaki mkononi ukifungua zipu au chupa. Nje kubwa, zile zinazokusanya vidole vinne kwenye chumba kimoja na kidole gumba peke yake, kwa kuwa vidole vikiwa pamoja vinapashana. Hizi za nje zifunge kwa kamba mkononi. Kuelekea Gilman's Point, kule kwenye ukingo wa kreta, ni changarawe tupu, tena mteremko. Glavu ikikuponyoka gizani haitakusubiri. Kwa soksi ni kinyume: usirundike. Pea tatu ndani ya kiatu kilichobana zinazuia damu, na mguu usiopata damu unapoa hata ukiuvika blanketi. Soksi moja nene ya sufu, kiatu chenye nafasi, basi. Kichwani kofia ya mzula inayofunika masikio.

Tochi iwe ya kichwani. Ya simu haifai, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine unautaka huru, na baridi inaimaliza betri ya simu ukiwa bado hujafika mbali. Betri za tochi weka mpya kabisa, na za akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili pamoja na simu, nayo uwe umeizima. Watu wanafika kwenye ule ubao wa Uhuru, wanatoa simu ipige picha waliyoipandia siku zote hizo, inawaonyesha asilimia mbili na kuzimika. Ingelala ndani ya begi la kulalia na kupanda ikiwa kifuani, ingewaka.

Maji ya njia hii yana mwisho. Kati ya Horombo na Kibo kuna mahali pa maji ya mwisho, na yote yanayotumika Kibo yanabebwa na watu kutoka huko chini. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo njoo na chupa zako ngumu za lita moja moja. Yale mabegi ya maji yenye mrija yanapendeza mchana. Usiku wa kilele mrija unaganda na maji yako unabaki unayasikia yakicheza mgongoni. Chupa ifunge sawasawa, ivike soksi kuukuu na uiweke begini kichwa chini, kwa sababu barafu inaanzia juu ya maji, na ukiigeuza upande wa kifuniko unakuwa bado unafunguka. Kama una chupa ndogo ya chai isiyopasuka, tia tangawizi yenye sukari nyingi. Ya kutafuna weka tende, karanga na kashata kwenye mfuko unaofikika bila kuvua glavu. Njaa huisikii kule juu, kula kwa ratiba.

Mvua ni ya msituni zaidi, siku ya kwanza na ya mwisho. Makundi mengi ya Watanzania hupanda Desemba kuadhimisha Uhuru, kwa kuwa ndipo usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni. Tarehe ina uzito wake, ila mvua za vuli huwa hazijamaliza hasira na njia ya Mandara ni tope. Nguo za usiku wa kilele zikilowa siku ya kwanza hazitakauka, hakuna jua la kuzikausha kibandani. Wageni wanakuja na mifuko maalumu ya kuzuia maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea tumeipiga marufuku tangu 1 Juni 2019, na wala haikuwa imara. Mimi nanunua kitambaa cha nailoni cha kutandika mezani, kile cha maua, kwa mita. Nazungushia nguo zote za usiku ule, nafunga kwa mpira, hazitoki humo mpaka Kibo. Na watu wakucheke, lakini mwavuli mdogo kwenye msitu usio na upepo ni raha kuliko koti la mvua linalokupika.

Acha nyumbani jinzi, spika, laptopu, pafyumu, kitabu kizito na nguo za "kubadilisha" za kila siku. Hakuna anayebadilisha. Diamox au dawa nyingine za mwinuko zungumza na daktari kabla hujapanda, na ujue hakuna kifaa cha kununua kinachozuia ugonjwa wa mwinuko. Mwongozaji akisema shuka, shuka.

Sasa uzito. Mzigo wa mgumu mmoja hupimwa getini na ukomo wake ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na humo begi lako linachanganywa na gesi, masufuria na unga. Kampuni nyingi zinakuomba usizidishe kilo 15. Mimi nalenga 10, na kwa orodha hii inawezekana bila kujinyima. Begi unalompa liwe laini, lisilo na magurudumu wala fremu, kwa sababu linakwenda kichwani au shingoni mwa mtu ndani ya salfeti, na gurudumu la sanduku lina namna yake ya kutafuta uti wa shingo. Yeye atakupita asubuhi na hutamwona mpaka jioni, kwa hiyo koti la mvua, sweta, maji, kanga na kashata vikae begi dogo mgongoni mwako.

Mwangalie pia amevaa nini. Mjini Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, unaowaazima makoti na buti bila malipo, lakini bado utakutana na mgumu wa Kibo mwenye raba zilizotoboka. Ukishuka, kama huna mpango wa kupanda tena, mpe glavu, tochi pamoja na betri zake, koti likiwa limefuliwa. Na buti, kabla hujazitoa, zibonyeze tena pale katikati kwa kidole gumba. Zikionyesha nyufa zitupe, yeye anapanda tena wiki ijayo.